DARASA LA RAMADHANI, SIKU YA 17: Vitabu Vyako Vitakwenda Wapi?



Ndugu zangu wa Kilosa, Mikumi na popote mlipo, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya 17 ya mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Wagonjwa wetu Allah awape shifaa, na waliotangulia awarehemu.

Leo ni siku ya Badri. Ilikuwa tarehe kama ya leo, mwaka wa 2 Hijria. Masheikh wengi leo watakueleza habari za mapambano yenyewe, Waislamu mia tatu na kitu dhidi ya jeshi la watu karibu elfu moja, na ni haki kuzieleza. Lakini mimi nataka tuanzie pale vita vilipokwisha.

Waislamu walirudi Madina na mateka kama sabini. Wenye mali walijikomboa kwa mali zao. Wakabaki wengine hawana kitu, ila wanajua kusoma na kuandika. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikubali fidia yao iwe ni kuwafundisha watoto wa Kiansari kuandika. Wapo wapokezi waliotaja kwamba kila mateka alipewa watoto kumi. Wakishajua, yeye yuko huru.

Hebu tulia hapo kidogo. Madina ile ilikuwa masikini. Walikuwa na njaa, silaha chache, na adui bado yuko hai. Wangeweza kudai ngao, wangeweza kudai ngamia. Wao wakachukua herufi! Na miongoni mwa waliotajwa kuwa walijifunza kwa mateka wale ni kijana mmoja wa Kiansari, Zayd bin Thabit. Shika jina hilo, tutalirudia chini.

*SWALI LENYEWE*

Nimeanza hivyo kwa sababu ya swali. Mzee wetu mmoja wa Mikumi, umri wake umeshavuka sitini, amenitumia ujumbe wa sauti usiku baada ya tarawehe. Ameniruhusu nijibu hapa ili na wengine wafaidike, bila kumtaja jina.

Anasema amependa vitabu tangu yuko darasa la tatu. Baba yake alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima. Wa rika lile mnakumbuka, Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikaenea mpaka vijijini. Basi kila jioni baba alimwita mwanawe amsikilize akiunganisha silabi moja moja, na akikosea mtoto ndiye anayemsahihisha. Mzee wetu anasema hapo ndipo alipoonja utamu wa maandishi. Kitabu chake cha kwanza alikinunua kwa pesa ya kuuza miwa barabarani. Tangu siku hiyo hajaacha.

Leo ana makabati mawili na sanduku la bati chini ya kitanda. Ana tafsiri ya Qur'ani, ana Riyadhus-Salihina, ana Safina na Abu Shujaa alizosomea madrasa zikiwa na maandishi yake pembeni. Ana riwaya, ana vitabu vya Shaaban Robert, ana vijitabu vya kilimo vya zamani, ana vitabu vya shule vya watoto wake wote. Anauliza mambo matatu:

1. Mke wangu ananiambia haya mapenzi ya vitabu ni israfu. Ana haki?
2. Vitabu vyangu vina zaka?
3. Nikifa vitakwenda wapi? Watoto wangu wako mjini, kusoma kwao ni simu. Naogopa hata arobaini haitafika, vitakuwa vimeshapimwa kwa kilo, vimefungiwa maandazi.

Ndugu zangu, lile swali la tatu si la mzee wetu peke yake. Ni letu sote, hata sisi ambao tuna kitabu kimoja tu ndani ya nyumba.

*KUPENDA VITABU SI UGONJWA*

Kwanza nimtoe wasiwasi mzee wangu. Hauko peke yako, na wenzio ni watu wazito.

Abdallah bin Al-Mubarak, yule mwanachuoni mkubwa wa Merv, alikuwa anakaa sana nyumbani. Watu wakamuuliza kama haoni upweke. Akawashangaa: vipi aone upweke hali yuko pamoja na Mtume (s.a.w.) na maswahaba? Alikuwa anakusudia kusoma hadithi na habari zao. Mtu akifungua kitabu chumbani kwake, ukumbi umejaa.

Al-Jahiz wa Basra inasimuliwa kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu, anajifungia humo usiku kucha kusoma. Na Imamu Az-Zuhri, bahari ya hadithi, akiingia nyumbani alikuwa anajizungushia vitabu vyake mpaka anasahau dunia. Mkewe, kama ilivyosimuliwa, akaapa kwamba vitabu vile vinamuuma kuliko wake wenza watatu. Jamani! Mama yetu wa Mikumi, umeona, malalamiko yako yana zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili.

Tusogee karibu na kwetu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa mwalimu wa shule kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969, na ndiyo hiyo ambayo wengi wenu mmeikuta kwa wazee wenu. Lakini kuna kazi yake nyingine ambayo watu hawaitaji sana. Aliandika kitabu cha Kiswahili kuhusu wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, alizaliwa wapi, alifundisha nini. Masheikh wale walikuwa wakipungua mmoja mmoja. Bila ya mtu mmoja kupenda kusoma, kuuliza na kuandika, wengi wao leo tungewajua kwa makaburi yao tu.

Na kabla yake, Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mwaka 1930 alitoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Aliona kwamba elimu ikibaki kwenye vitabu vya Kiarabu ndani ya nyumba za wachache, muuza soko na baharia hawaipati. Akaitoa elimu kwenye kabati akaileta barazani. Hata chaneli hii tunayosomeana, ukiitazama, ni mjukuu wa karatasi ile.

*JIBU LA KWANZA: NI ISRAFU?*

Israfu ni kutumia kupita haja au kutumia pasipostahili. Kununua elimu yenye manufaa, asili yake ni jambo jema. Lakini lina ngazi zake. Nafaka ya mke na watoto ni wajibu, kununua kitabu ni hiari, na hiari haipandi juu ya wajibu. Siku ambayo ndani hakuna unga, halafu baba anaingia na kitabu kipya kwapani, siku hiyo mama ana haki ya kusema, na aseme.

Kipimo kingine kimetajwa na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walipozungumzia hija. Walisema mwenye elimu halazimishwi kuuza vitabu vyake anavyovihitaji ili apate gharama ya kwenda Makka. Lakini akiwa na nakala mbili za kitabu kilekile, moja inamtosha, ya pili auze. Umeona uadilifu huo? Kitabu unachokihitaji kinahesabiwa kama chombo cha fundi, huwezi kumwambia seremala auze randa yake. Nakala ya pili inayokaa tu, hiyo imeshakuwa pambo.

Basi mzee wangu, usihesabu idadi. Jiulize kwa kila kitabu: nakisoma, nakirejea, kuna anayekisoma? Kama jibu ni hapana kwa miaka kumi, kitabu hicho hakina kosa, ila kimekosa kazi. Kitafutie kazi.

Na jambo dogo la nyumbani. Jioni kabla ya futari, mama anapopepeta mchele, kaa karibu yake umsomee kurasa mbili. Wake wenza wa Imamu Zuhri walimuuma mkewe kwa sababu vilikuwa vya bwana peke yake. Kitabu kikisomwa kwa sauti ndani ya nyumba, kinakuwa cha nyumba nzima.

*JIBU LA PILI: ZAKA*

Hili ni fupi. Vitabu vya kusoma mwenyewe havina zaka, hata vikiwa na thamani kubwa, kama ambavyo nyumba unayolala na nguo unazovaa hazina zaka. Anayeuza vitabu dukani, hiyo ni bidhaa: mwaka ukitimia anathamini mali yake yote ya biashara, ikifika nisabu anatoa asilimia mbili na nusu. Na mtu masikini hatolewi kwenye orodha ya wanaostahiki zaka kwa sababu tu ana vitabu vya dini anavyovihitaji. Hilo nalo wanavyuoni wetu wamelisema. Kwa hiyo ustadhi wa madrasa mwenye rafu imejaa na sufuria tupu, mpeni haki yake, msimwambie akauze Riyadhus-Salihina.

*KABLA YA JIBU LA TATU: MIZIGO NA WABEBAJI*

Kuna jambo lazima tuambiane kabla hatujafika kwenye mirathi.

Katika Surat Al-Jumu'a, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatupa mfano wa watu waliobebeshwa Taurati kisha wasiitekeleze. Amewafananisha na punda aliyebeba vitabu. Punda hana kosa, ni mnyama mwema mwenye subira. Anahisi uzito mgongoni, anajua mlima ni mkali, lakini kilichoandikwa mle ndani hakimfikii hata herufi moja. Anafika sokoni vilevile alivyotoka.

Wewe unayesema, alhamdulillahi mimi sina makabati, hilo halinihusu, hebu fungua simu yako. Wapo kati yetu wamepakua tafsiri tatu, vitabu vya hadithi sita, mawaidha ya masheikh mia, na simu inalalamika kwamba nafasi imejaa. Punda wa zama hizi mzigo wake ni mwepesi, unaingia mfukoni, lakini hesabu yake ni ileile.

Imamu Al-Ghazali alifundishwa somo hili njiani. Akiwa kijana alisafiri kwenda Jurjan kusoma, akaandika aliyoyasikia, akawa anarudi kwao Tus na daftari zake mkobani. Wanyang'anyi wakauvamia msafara, wakachukua kila kitu. Yeye akamfuata kiongozi wao akimbembeleza amrudishie zile karatasi tu, maana ndimo ilimo elimu yake aliyoihangaikia. Yule mwizi akacheka. Akamwambia, unadaije kuwa una elimu, na sisi tumeichukua umebaki huna? Kisha akaamuru arudishiwe. Ghazali akafika Tus, akakaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, ili siku akiporwa tena asibaki mtupu.

Sisi watu wa Kilosa tunao mwizi wetu tunayemjua kwa jina. Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulituingilia. Tuta lilishindwa, reli ikakatika, maelfu wakahamia kwenye mahema, wengine wakakaa humo muda mrefu. Watu waliokoa watoto, kisha godoro, kisha sufuria. Nani aliyekuwa na nafasi ya kuokoa kitabu? Maji yalipopungua, karatasi zilitoka na tope zimeshikana kama mkate. Lakini aliyekuwa na Yasin kifuani alitoka nayo kwenye maji. Aliyekuwa ameshajifunza udhu na sala hakuhitaji kitabu ili asali pale hemani.

Kwa hiyo kitabu chochote unachokipenda, kichukulie kwamba mto utakuja. Ukija, kipi kitakuwa kimeshahamia ndani yako? Mwezi huu ni mwezi wa Qur'ani, tumekwisha vuka nusu yake. Usiumalize ukiwa umehesabu kurasa tu. Shika hata aya kumi mpya, zijue maana yake, fanyia kazi moja.

*JIBU LA TATU: VITAKWENDA WAPI?*

Sasa mzee wangu, nisikilize vizuri hapa.

Sote tunaijua hadithi ya mambo matatu yasiyokatika mtu akifa: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Katika Sunan ya Ibn Majah kuna hadithi ya Abu Hurayra inayofafanua zaidi yale yanayomfuata muumini baada ya kufa kwake. Yametajwa humo elimu aliyoifundisha na kuieneza, mtoto mwema, msikiti alioujenga, nyumba ya wasafiri, mto aliouchimba. Na ndani ya orodha hiyo umetajwa msahafu aliourithisha. Kitabu kimepangwa safu moja na msikiti na maji!

Lakini kurithisha ni kumpa atakayekitumia. Ukiviacha bila neno, sheria ya mirathi itaviingiza kwenye mali kama kiti na baiskeli, vitagawanywa mafungu. Kitabu cha juzuu nne kitagawiwa watoto wanne, kila mmoja na juzuu yake, na hapo hakuna tena kitabu. Hofu yako ya kilo na maandazi si ndoto, inatokea. Wala usiwalaumu wanao: watauza wasichokijua thamani yake, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Njia yake ni waqfu. Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipata shamba Khaybar, mali ambayo hajawahi kupata bora kuliko hiyo. Akamwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri. Akaelekezwa alizuie shamba lenyewe na atoe mazao yake sadaka. Umar akafanya hivyo: haliuzwi, halitolewi zawadi, halirithiwi. Na katika madhehebu yetu, kila kitu kinachobaki huku kikinufaisha kinafaa kuwekwa waqfu, na vitabu vimo.

Wazee wa pwani hii walilijua jambo hilo barabara. Nenda Lamu, Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh. Pale wamehifadhi vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Vingine vilinakiliwa hapahapa pwani na wanafunzi kwa kalamu na wino, vingine vilivuka bahari kutoka Hadhramaut. Ukivifungua unakuta katika vingi imeandikwa kuwa ni waqfu, kwa ajili ya wanafunzi, kisiuzwe. Waliovitoa wamekwisha kufa, na wajukuu wa wajukuu zao wamekufa. Vitabu vimebaki mahali pake, na katika miaka hii yetu vikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa British Library, ili hata mchwa akishinda visipotee. Kilichovilinda miaka yote ile ni nini? Ni mstari mmoja wa wino, mtu aliouandika akiwa hai.

Akiwa hai, nasema. Ukiweka waqfu leo ukiwa mzima, unathibiti leo. Ukingoja kuusia, wasia mwisho wake ni theluthi ya mali yote. Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia zaidi, Mtume (s.a.w.) alimsimamisha kwenye theluthi, na akamwambia hata hiyo ni nyingi. Usiwanyime warithi wako, na pia usiingoje siku ambayo ulimi hausemi.

Basi fanya hivi, baba yangu:

Kwanza, keti na mtoto au mjukuu mmoja, toeni vitabu vyote nje juani. Futa vumbi, angalia mchwa na panya, viandikeni kwenye daftari kimoja kimoja.

Pili, vigawe mafungu matatu. Fungu moja ni vile unavyovisoma bado, hivyo baki navyo, furahi navyo, ni halali yako. Fungu la pili ni vitabu vya dini vya kuweka waqfu msikitini au madrasa. Fungu la tatu ni riwaya, vya kilimo na vya shule. Hivyo vipeleke shule ya karibu, wenyewe wako huko. Maktaba ya mkoa iko Morogoro mjini, na mtoto wa Mikumi nauli ya kwenda na kurudi hana. Kabati lako moja likifika shuleni kwake, umemfungulia maktaba.

Tatu, kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha waqfu andika kwa mkono wako: ni waqfu kwa ajili ya Allah, kwa wanafunzi wa mahali fulani, hakiuzwi wala hakirithiwi. Weka tarehe. Waambie wanao mbele ya mashahidi wawili.

Nne, na hili ndilo kubwa, tafuta mtoto mmoja. Si lazima awe wa damu yako. Yupo mtoto hapo Mikumi ambaye akiona karatasi iliyofungiwa karanga anaikunjua aisome kabla hajazila. Mnamjua wa namna hiyo. Muite, msomee, mwache akusomee, kama wewe ulivyomsikiliza baba yako. Kitabu bila msomaji kitaliwa na mchwa hata kikiwa waqfu.

*NA SISI TUNAOAZIMA*

Leo sitawaachia wenye vitabu peke yao. Sisi waazimaji tuna jambo letu.

Imamu Zuhri alimwonya mwanafunzi wake Yunus ajihadhari na khiyana ya vitabu. Akaulizwa, khiyana gani hiyo? Akasema ni kuvizuia, yaani kuazima na kukaa navyo hadi wenyewe wavikose. Mbona yule imamu kama alikuwa anatuona sisi! Mtu anaazima kitabu Rajab moja, inakuja Rajab nyingine, kinachomoza kwake kimetoka jalada, mtoto amechora gari ndani. Akikumbushwa ananuna yeye.

Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Ibn Al-Mubarak, yuleyule niliyemtaja juu, aliazima kalamu Sham, akasahau kuirudisha. Alipofika kwao Merv akaikuta kwenye vitu vyake. Akafunga safari kurudi Sham, kwa ajili ya kalamu! Sisi kutoka Mikumi mpaka Kilosa mjini tunaona mbali.

Na sasa nilirudie lile jina nililowaambia mlishike. Zayd bin Thabit alikua, akawa mwandishi wa wahyi. Baada ya Mtume (s.a.w.) kufariki, Abubakar (r.a.) alimkabidhi yeye kazi ya kuikusanya Qur'ani. Kurasa zile zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha zikawekwa kwa binti yake, Mama yetu Hafsa (r.a.). Ulipofika wakati wa Uthman (r.a.), na haja ya kuandika misahafu ya kupeleka mijini, yeye ni Khalifa, mwenye amri juu ya nchi nzima. Hakutuma askari. Alimwomba Bibi Hafsa ampelekee kurasa zile zinakiliwe, kisha atamrudishia. Zayd na wenzake wakanakili. Na kazi ilipokwisha, Uthman akamrudishia Hafsa kurasa zake.

Msahafu ulioufungua leo baada ya alfajiri umepita kwenye mikono hiyo. Umepita kwa aliyefundishwa, umepita kwa mwanamke aliyetunza, umepita kwa mtawala aliyeazima akarudisha. Angekosekana mmoja katika hao, hali ingekuwaje? Ni Allah anayeihifadhi Qur'ani, lakini amewatukuza kwa kuwatumia wao.

*KAZI YA LEO*

1. Kabla ya magharibi, tafuta nyumbani kwako kitabu au msahafu wa watu ulioazima. Kirudishe kabla ya Idd. Kama kimeharibika, mwambie mwenyewe ukweli na umlipe. Kama mwenyewe amekufa, wapelekee warithi wake.

2. Unayetaka kununua msahafu kuupeleka msikitini mwezi huu, uliza kwanza. Kwenye misikiti mingi ya mjini rafu zimejaa, misahafu imepandana. Madrasa za vijijini watoto watatu wanasoma juzuu moja, anayekaa upande wa juu anaisoma kichwa chini. Peleka huko, na mkononi mwa ustadhi.

3. Kabati la vitabu la msikiti wetu wa Kilosa, inshallah kuanzia kesho litakuwa wazi kila siku baada ya alasiri mpaka nusu saa kabla ya futari. Kutakuwa na daftari la kuazimia. Akinamama mna siku zenu, Jumamosi na Jumatano, mtamkuta ustadhati. Watoto waje wamenawa mikono.

4. Wenzetu wa Mikumi, wawili au watatu wenu wajitolee wamsaidie mzee wetu kutoa makabati juani na kuandika ile orodha. Anayetaka anitumie ujumbe binafsi, nitawaunganisha. Kuna malipo ya thawabu na, nimeahidiwa na mama, uji wa pilipili manga.

*DUA*

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye kunufaisha, na tunajikinga Kwako na elimu isiyonufaisha. Wasamehe walimu wetu waliotushika mkono kwenye alifu na bee. Ijaalie Qur'ani iwe hoja yetu siku ya Kiyama, isiwe hoja juu yetu. Vibariki vitabu vilivyo majumbani mwetu vipate wasomaji, na watoto wetu uwape mapenzi ya kusoma. Mzee wetu umpe umri wenye heri, na kila herufi itakayosomwa katika vitabu vyake umwandikie, yu hai au yumo kaburini. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.

Kesho inshallah, siku ya 18: adabu za kuzitafuta zile siku kumi za mwisho.

Wasambazie wengine. Futari njema. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.